Safu ya lugha: Mtani

Kwenye misiba ya vijijini Singida, watani hawaji kulia. Mmoja huvaa koti la marehemu, akaiga mwendo na kikohozi chake, kisha akadai chai. Mwingine huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka machozi yakiwatoka, wala hakuna anayenuna.

Mzaha hufanywa na yeyote. Mtani ni nafasi anayopewa mtu kwa kabila, ukoo au undugu, na aliye upande wa pili anaijua na kuikubali.

Nafasi hiyo ina mipaka. Shemeji hutaniwa, mkwe hataniwi. Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu", na kijana, hata akishaota ndevu, huulizwa mbele za watu hela ya matumizi iko wapi. Naye hujibu kiume: "Pika kwanza!"

Mwaka 1944 R. E. Moreau aliandika katika jarida la Africa kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Wenyeji wengi huuhusisha na vita na misafara ya zamani.

Leo klabu za soka za Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (1936) huitwa watani wa jadi. Aliyefungwa huzikiwa jeneza la maboksi, na kesho yake hukopeshwa nyanya sokoni na waombolezaji walewale.