David Bryant

David John Bryant (27 Oktoba 1931 – 27 Agosti 2020) alikuwa mchezaji wa matufe ya nyasi kutoka Clevedon, Somerset, nchini Uingereza. Alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara 3 kwenye nyasi na mara 3 ukumbini.

Maisha

Kabla ya kuishi kwa mchezo huu alikuwa mwalimu wa shule. Alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1969 na CBE mwaka 1980.

Mataji na uzito wake

Bryant huhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa mchezo huu, na hoja inayotolewa kwanza ni wingi wa mataji. Hoja nzito zaidi ni tofauti ya viwanja alivyoshindia na urefu wa muda aliodumu. Tufe la mchezo huu halina mviringo kamili: kadiri linavyopoteza kasi ndivyo linavyopinda, na kupinda huko hutegemea uwanja. Nyasi kavu za Australia na New Zealand hulipeleka tufe mbali kwa nguvu kidogo na kulipindisha sana. Nyasi nzito za Uingereza hudai msukumo mkubwa na hupunguza mpindo. Zulia la ukumbini lina hesabu yake. Bryant alikuwa bingwa wa dunia mjini Sydney mwaka 1966, Frankston mwaka 1980 na Auckland mwaka 1988, na papo hapo akashinda mashindano 3 ya kwanza ya dunia ya ukumbini, 1979 hadi 1981. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola alipata dhahabu ya mchezaji mmoja mwaka 1962, 1970, 1974 na 1978. Mwaka 1966 mchezo huo haukuwamo kwenye ratiba.

Wapo wanaosema kwamba ubingwa wa ukumbini ulikuwa mchanga na washiriki wake wachache. Ni kweli, na mataji hayo 3 yasingetosha peke yake. Lakini yale ya nyasi hayaguswi na pingamizi hilo. Wengine husema kwamba mchezo usiohitaji mbio humfaa mzee, hivyo ushindi wake wa 1988, akiwa na miaka 56, si ajabu. Hoja hiyo inajipinga yenyewe: kama umri haumwondoi mtu uwanjani, basi wapinzani wa zamani hubaki na vijana huongezeka juu yao. Kushinda tena baada ya miaka 22 katika hali hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Uchezaji

Alianza akiwa amechuchumaa kwenye mkeka, akainuka huku akipiga hatua, kisha akaliachia tufe karibu kabisa na ardhi ili lisidunde. Kiko mdomoni, mara nyingi bila moto, kilikuwa alama yake.

Wachezaji wawili wawili

Akiwa na mchezaji mwenzake Tony Allcock alishinda ubingwa wa dunia wa ukumbini mara 6 kati ya 1986 na 1992. Mwaka 1980 wawili hao, pamoja na Jim Hobday, walikuwa wametwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji watatu.

Baada yake

Allcock alikuwa bingwa wa dunia wa mchezaji mmoja kwenye nyasi mwaka 1992 na 1996.