Kivuko cha Neva, Si Kiungo

Waliopendekeza kwamba mahali seli neva mbili zinapokutana paitwe "kiungo cha neva" hawakuitendea haki sayansi, wala Kiswahili. Aliyesoma baiolojia ya sekondari anajua kuwa ishara hupita kwenye aksoni kama umeme, ayoni za sodiamu zikiingia na za potasiamu zikitoka. Ikifika ncha ya aksoni, njia imekatika. Mbele pana uwazi wa nanomita 20 hivi. Seli humwaga kemikali, kemikali huvuka, na ng'ambo ya pili umeme huanza upya. Hapo kilichoungwa ni nini?

Chanzo cha kosa nakijua. Mwaka 1897 mwanafiziolojia Charles Sherrington alihitaji jina la mahali hapo kwa ajili ya kitabu cha fiziolojia cha Foster. Verrall, bingwa wa Kigiriki, akampa "sinapsi", kutoka kitenzi chenye maana ya kushikamana. Wakati huo pengo lenyewe lilikuwa halijaonwa na mtu. Kati ya wachunguzi wa neva, Ramón y Cajal alishikilia kuwa seli zimetengana, Golgi akashikilia kuwa ni wavu mmoja, na mwaka 1906 wakagawana Tuzo ya Nobel bila kupatana. Hadubini ya elektroni ililionyesha pengo hilo miaka ya 1950. Waliopendekeza "kiungo", wenye matokeo hayo yote mezani, wametafsiri Kigiriki wakakiacha kitu chenyewe. Tena "kiungo" kwetu ni mkono au mguu, na wingi wake umo ndani ya pilau. Mwanafunzi ashike lipi?

Mimi nasema "kivuko". Mzizi wake ni wa Kibantu, na majirani zetu Warundi wana "kujabuka" kwa maana ya kuvuka. Nimejibiwa kwamba kivuko ni pantoni. Pantoni ilipewa jina la mahali inapofanyia kazi. Mahali pa kuvukia palikuwapo kabla yake. Kisha neno hili lina uzao: kuvuka, kuvusha, kuvushwa, na ile kemikali tutaiita "kivushio". "Kiungo" kitatuzalia nini hapo?

Ushahidi tunao huku Bangwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kambare wa umeme, aliyepewa mwaka 2000 jina la kisayansi Malapterurus tanganyikaensis: mnene, macho madogo, sharubu jozi tatu, mgongoni hana pezi ila kijipezi cha nyama karibu na mkia. Ukimshika wavuni kwa mkono mtupu, anakupiga shoti. Kiungo chake cha umeme (hapa neno limekaa mahali pake) hutawaliwa kila ubavu na seli neva moja tu, kubwa ajabu, ambayo aksoni yake hutawanyika kufikia maelfu kwa maelfu ya vibamba vya umeme. Na kwa kila kibamba amri huingia kwa kemikali, asetilikolini. Samaki ambaye silaha yake ni umeme, naye huvusha amri hiyo kwa kemikali.

Matumizi ya "kivuko" ni mepesi: "Baadhi ya viuatilifu huzuia asetilikolini isivunjwe kwenye kivuko cha neva, misuli ikatetemeka kisha ikalegea." Anayetaka kubaki na "sinapsi" abaki nayo, maana neno la kukopa halimdanganyi msomaji. "Kiungo" kinamdanganya, na kiondolewe vitabuni.