Kwa nini marufuku ya DDT ilisubiri miezi sita

Habari ya DDT huwa tunaisimulia hivi: Rachel Carson akaandika kitabu mwaka 1962, watu wakashtuka, Marekani ikaipiga marufuku mwaka 1972. Kuna kipande tunakiruka. Marufuku ilitangazwa tarehe 14 Juni 1972, lakini ikaanza kufanya kazi tarehe 31 Desemba. Kwa nini wasubiri?

Sababu mojawapo ilikuwa usalama wa wakulima wenyewe. Wakati huo DDT nyingi nchini humo ilipuliziwa kwenye pamba, na mbadala wake mkuu ulikuwa methili parathioni. Hapo ndipo penye kazi.

DDT hudumu miaka kwenye udongo na hujikusanya kwenye mafuta ya wanyama, ila si rahisi imwangushe mtu papo hapo. Mwaka 1944 kule Naples, Italia, watu walipuliziwa unga wake hadi ndani ya nguo ili kuua chawa wanaoeneza taifasi.

Methili parathioni ni kinyume chake. Huoza mapema, lakini hupenya kwenye ngozi na kuzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva ukishafika kwenye misuli. Kikizuiwa, ujumbe hauzimiki: jasho na mate vinatiririka, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinabana, na pumzi inaweza kukata kabisa.

Sasa mfikirie mkulima aliyezoea kuchanganya DDT kwa mikono mitupu, msimu baada ya msimu, bila kuona madhara. Mazoea yale yale, na dawa mpya, yangeweza kumuua. Ndiyo maana shirika la mazingira, EPA, lilishirikiana na Wizara ya Kilimo kuandaa mafunzo maalumu kabla ya DDT kuondoka.

Oktoba mwaka huo huo sheria ikabadilishwa: dawa hatari zaidi zitumiwe tu na mwenye cheti, awe mkulima au mpulizaji wa kulipwa, au anayesimamiwa naye. Na vibarua wanaopalilia na kuvuna? Hao walingoja hadi kanuni za mwaka 1992 ndipo mafunzo yao yakawa lazima, kila baada ya miaka 5. Mageuzi ya 2015 yakayafanya ya kila mwaka.

Kwa hiyo ukisikia dawa fulani imeondolewa sokoni, usiishie kufurahi. Uliza imekuja ipi badala yake, na nani kamfundisha anayebeba bomba mgongoni.