Mpaka ulifungwa, deni likabaki

Tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari na ndege ndogo za utalii za Kenya zilizokutwa ndani ya nchi zikazuiwa, na wageni waliokuja Serengeti na Ngorongoro kwa safari zilizoanzia Nairobi wakabaki wakiulizana watarudije. Siku hiyohiyo Kenya Airways, iliyoundwa wiki mbili tu nyuma, ilianza kuruka. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwepo tangu 1946, lilikuwa limekwisha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilimalizika miezi mitano baadaye. Hadi 30 Juni nchi tatu wanachama hazikuwa zimekubaliana bajeti ya mwaka mpya wa fedha, na kesho yake hapakuwa na fedha za kuiendesha.

Kilichovunjika kilikuwa kikubwa kuliko mkataba wa miaka kumi. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia katika miaka ya 1920, na shilingi moja ilitumika kotekote mpaka kila nchi ilipofungua benki kuu yake mwaka 1966. Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Kampala na Nyerere wa Tanzania, Kenyatta wa Kenya na Obote wa Uganda tarehe 6 Juni 1967 ulijaribu kugawa matunda: reli na ndege zilikuwa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu pamoja na Benki ya Maendeleo Kampala, sekretarieti Arusha. Lakini viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania na Uganda zilikuwa soko lake. Mkataba uliziruhusu nchi hizo mbili kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa za viwandani kutoka kwa mwenzao aliyewazidi, ila dawa hiyo haikutosha. Malalamiko ya Tanzania yalikuwa ya haki, na anayesimulia kuvunjika kwa Jumuiya bila kuyataja anapunja historia.

Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais watatu, chombo cha juu kabisa cha Jumuiya, hakikufanyika tena. Matawi ya mashirika ya Jumuiya nayo yakaanza kubana makusanyo yao badala ya kuyapeleka makao makuu.

Kenya ilidhani hasara itakuwa ya wenzake. Haikuwa hivyo. Viwanda vya Nairobi vilipoteza soko la Tanzania, na pamoja nalo barabara ya kwenda Zambia, maana malori ya Kenya yaliyopeleka mizigo huko yalipita Tanzania. Malori hayo yalikuwa yameleta ugomvi tangu 1974, Tanzania ikilalamika kwamba yanaharibu barabara zake. Sasa hayakupita kabisa.

Tanzania iliumia kwa namna nyingine. Ilikuwa imefungua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971 ili watalii wateremke moja kwa moja kaskazini mwa nchi, na kufunga mpaka kulitarajiwa kuwasukuma waje huko. Wengi hawakuja. Kampuni za Nairobi ziliwapeleka Maasai Mara, ambako nyumbu ni walewale wa Serengeti, na hoteli za upande wetu zikakosa wageni. Geti la Bologonja, ambako magari ya watalii yalikuwa yakivuka kutoka hifadhi moja kwenda nyingine, halijafunguliwa tena kwa ajili yao tangu mwaka ule.

Kwenye reli, karakana kuu ilibaki Nairobi, na Shirika la Reli Tanzania likaanza maisha likiwa na injini lakini bila mahali pa kuzifanyia matengenezo makubwa. Ziwa Victoria nalo likagawanywa: kati ya meli mbili za kubeba mabehewa zilizojengwa katika miaka ya 1960, Uhuru ilibaki Kenya na Umoja ikawa ya Tanzania.

Biashara yenyewe haikufa, ilihamia njia za panya. Sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vilivuka usiku karibu na Holili, Namanga na Sirari, ng'ombe na kahawa vikienda upande wa pili. Serikali haikupata ushuru, na mlaji alilipa bei ya hatari aliyobeba mvushaji. Siyo haki kuutwisha mpaka mzigo wote wa uhaba ule. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta vilikuja juu yake. Lakini Waziri Mkuu Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, watu wakitupa bidhaa vichakani, mpaka ulikuwa bado umefungwa. Ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo.

Kugawana mali kulichukua muda mrefu zaidi. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika na hesabu hizo kwa miaka mingi, hadi mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Mkataba huo uliiagiza kila nchi iwalipe wafanyakazi wake waliokuwa katika Jumuiya. Hapa ndipo ninapokasirika. Watu waliofunga nyaya za simu, walioendesha treni na kupakua meli walizeeka wakidai mafao yao. Nchini Tanzania ilibidi waende Mahakama Kuu, na makubaliano yakapatikana mwaka 2005, miaka 28 baada ya ajira zao kukatika. Hata baada ya hapo wazee waliendelea kuandamana Dar es Salaam, baadhi wakikaa barabarani, wakisema hesabu haijakamilika. Wengi walikufa kabla ya kulipwa.

Mkataba mpya wa Novemba 1999, uliofufua Jumuiya, umeweka utaratibu wa kuondoka: theluthi mbili ya wabunge waridhie, Katibu Mkuu apewe notisi ya maandishi ya miezi 12, na nchi inayojitoa iendelee kuwajibika kwa ahadi ilizojifunga nazo ilipokuwa mwanachama. Mafao ya wafanyakazi wa Jumuiya yanapaswa kuhesabiwa kati ya ahadi hizo, tena yawe ya kwanza kulipwa.