Daftari la Grupema: Uandikishaji wa Wakazi katika Masisi na Walikale

Chini ya utawala wa Ubelgiji, mkazi wa Masisi au Walikale, huko Kivu, mashariki mwa Kongo, alijulikana serikalini kwa kundi lake kabla ya jina lake, kwa sababu amri ya 5 Desemba 1933 iliwapanga wenyeji katika sheferi, yaani eneo lenye mwami anayetawala kwa mila, au katika sekta, yaani eneo lililokusanya jamaa ndogondogo zisizokuwa na mkuu mmoja wa jadi. Ndani ya ngazi hizo yamo makundi ambayo leo huitwa grupema, kisha vijiji, hata mtu wa Bashali-Mokoto akawa papo hapo mtu wa sheferi ya Bashali na wa teritware, yaani wilaya, ya Masisi, ilhali jirani yake wa Walikale huhesabiwa katika sekta ya Wanianga au ya Bakano.

Daftari la sensa lilifuata mpangilio huo, nalo lilimfaa karani aliyetaka kujua ni wanaume gani wa kijiji fulani wanaodaiwa kodi. Swali la kinyume, yaani mtu huyu ni wa makundi gani na tangu lini, lilikuwa zito, kwani lilidai kupekua daftari baada ya daftari, na aliyehama bila hati ya ruhusa hakuonekana kokote. Tatizo lilo hilo liliwakabili wataalamu wa kompyuta walipounda huduma za saraka, yaani hifadhi za majina ya watumiaji na makundi yao, ambazo kanuni yake ya X.500 ilitolewa mwaka 1988, na LDAP, iliyo nyepesi zaidi, ikafuata mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Michigan: programu inayofungua kila kundi, na kila kundi lililo ndani ya kundi, ili kumtafuta mtu mmoja huchelewa mno, hivyo ni afadhali makundi yake yaandikwe kwenye kumbukumbu ya mtu mwenyewe.

Huko Masisi swali hilo la kinyume liliamua maisha ya watu. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko familia nyingi kutoka Rwanda, ikawapa sheferi yao ya Gishari, kisha mwaka 1957 ikaivunja, na waliokuwa watu wake wakabaki katika ardhi ileile chini ya watawala wa Kihunde, wenyeji wa Masisi. Sheria ya 5 Januari 1972 iliwapa uraia waliofika Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Ile ya 1981 ikaufuta, ikidai mtu awe wa kabila lililokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo hakuna daftari lolote la Masisi ambalo lingeweza kuithibitisha. Zoezi la kuwatambua raia mwaka 1991 likaongeza uhasama, na Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi.

Sheria ya Novemba 2004 iliisogeza tarehe ya kipimo hadi uhuru wa 1960, na tangu 2005 kadi ya mpigakura ndiyo inayotumika kama kitambulisho, ikionyesha asili ya mwenye kadi.