Kutoka Bega la Mpagazi hadi Jiko la Shule

Ndugu mwana-Tabora,

Kabla ya reli, nguvu iliyoendesha biashara yetu ilikuwa bega la mtu. Mbung'o waliua punda na farasi, hivyo pembe za ndovu na vitambaa vilibebwa na watu kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitwika mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi, na ujira wao ukarudi nyumbani ukawa ng'ombe na mahari.

Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora. Bega likapumzika, mzigo ukahamia msituni, kwa kuwa garimoshi lilihitaji kuni. Kisha ikaja tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge wanaikausha kwenye mabani, na mabani yanakula miyombo. Fedha hiyo imewasomesha wengi wetu tunaosoma kurasa hizi. Tusijifanye hatujui ilikotoka.

Leo msitu umerudi nyuma, mvua hazitabiriki, na mrina asali anatembea mbali zaidi. Reli mpya ya umeme inajengwa kuja kwetu, lakini uji wa wanafunzi bado unapikwa kwa kuni.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu una kazi mbili: majiko banifu shuleni na vitalu vya miche ya miti ya asili. Babu zetu walilipa kwa mabega, sisi tumelipa kwa msitu. Tukichangia sasa, wajukuu hawatalipa kwa ukame.

Karibu uchangie.