Taratibu za Darasa la Historia Sekondari: Nidhamu ya Mwili au Nidhamu ya Ushahidi?

Muhula unapoanza, wanafunzi wa kidato cha tatu huandikiwa ubaoni masharti ya somo la Historia. Kila mmoja awe na madaftari mawili, la notsi na la mazoezi. Asiingie darasani baada ya mwalimu. Anyooshe mkono kabla ya kusema. Asiyekusanya kazi kwa wakati ataadhibiwa. Masharti hayo si mabaya, na mtu aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi sitini anajua kwamba bila hayo kipindi hakiendi. Lakini yangefaa vilevile Kemia, Jiografia, hata foleni ya benki. Hayagusi kazi anayoifanya mwanahistoria, na mwanafunzi huelewa mapema kwamba Historia ni somo la kutulia na kupokea. Makala haya yanadai kwamba taratibu za darasa la Historia sharti zitokane na taratibu za taaluma yenyewe: nani amesema, amejuaje, nani anampinga, na kwa ushahidi upi.

Mfumo wetu wa elimu unajua sana kuandika taratibu pale unapotaka. Kanuni za adhabu ya viboko Tanzania za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iingizwe kwenye daftari maalumu. Kwa hiyo mwanafunzi akichapwa, lazima pabaki kumbukumbu. Mwanafunzi huyohuyo akiambiwa kwamba watu laki tatu walikufa katika Vita vya Majimaji, hakuna anayedaiwa kumwonyesha idadi hiyo ilitoka wapi.

Na idadi hiyo ina mengi ya kufundisha. Wajerumani walitaja vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyezichunguza habari za vita hivyo kwa karibu, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kubwa namna hiyo haitokani na kosa la kujumlisha. Wengi wa waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa baada ya majeshi ya mkoloni kuchoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa hiyo iliendelea kuua mapigano yalipokwisha. Je, aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 ahesabiwe kuwa amekufa vitani? Nani angemhesabu, wakati vijiji vizima vilikuwa vimehamwa? Serikali iliyochoma ghala ilikuwa na sababu gani ya kutafuta idadi kamili? Kipindi cha dakika 40 kinatosha kabisa kwa maswali haya matatu. Kwa kawaida kipindi hicho huishia katika kunakili sababu sita za vita na athari zake sita, kwa mpangilio uleule uliomo kwenye madesa yanayouzwa nje ya geti la shule.

Umbo la pointi sita lina historia yake, nayo ni ya mtihani. Swali la insha hutaja idadi ya hoja zinazotakiwa, na msahihishaji mwenye rundo la karatasi mbele yake hutafuta hoja hizo na kuzipa alama. Mwanafunzi mwerevu hujipanga kulingana na hali hiyo, nami simlaumu. Ila athari yake ni kwamba hoja zote huwa na uzito mmoja. Kulazimishwa kulima pamba, jambo lililowafanya watu wa Nandete kung'oa miche Julai 1905, kunakaa kwenye orodha sambamba na "ukatili wa Wajerumani", kana kwamba tukio na tafsiri ya tukio ni kitu kimoja.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao walimu wengi wanaujua. Ukiwauliza wanafunzi habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, baadhi yao watakusimulia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotolewa 1969. Watataja mashaka ya mhusika, mateso yake, maneno yake ya mwisho. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu. Sioni haja ya kuiondoa tamthilia hiyo katika mazungumzo ya darasa la Historia. Kinachotakiwa ni utaratibu unaomlazimu mwanafunzi aseme: hili nimelipata katika tamthilia, hili katika masimulizi ya wazee, hili katika kitabu cha Gavana von Götzen, aliyeandika juu ya vita alivyoviongoza yeye mwenyewe. Mwanafunzi anayeweza kutenganisha hayo matatu ameshaanza kufanya historia.

Mfano wa kuigwa tunao nyumbani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda katika maeneo yaliyopigana Vita vya Majimaji kukusanya masimulizi ya wazee, katika mradi wa utafiti wa Idara ya Historia ambao Gwassa na John Iliffe walikuwa nguzo zake. Wengi wao hawakuwa wanahistoria waliobobea. Walikuwa vijana waliopewa utaratibu na kuufuata. Matokeo yake yakawa hazina ambayo watafiti wa baadaye wameitegemea hata walipoipinga. Na wameipinga kweli. Picha ya vita vya umoja wa makabila, ambayo Nyerere aliitumia mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kueleza chimbuko la harakati za uhuru, imehojiwa na watafiti kama Thaddeus Sunseri na Jamie Monson. Hao wametazama migogoro ya mahali kwa mahali, njaa, misitu na mahusiano ya wanawake na wanaume vijijini. Mwanafunzi wa kidato cha tano hapungukiwi uzalendo akijua kwamba wanazuoni wanabishana juu ya jambo hili. Anapungukiwa akifichwa.

Pingamizi zito zaidi ninaloliona ni lugha. Kumtaka mwanafunzi aulize "umejuaje?" kwa Kiingereza anachokijua nusu ni kumfunga mdomo kwa adabu. Hapa somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limefungua mlango. Mwanafunzi sasa anaweza kupewa kurasa za tawasifu ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, katika lugha aliyoisimulia mwenyewe, akaambiwa atafute anachojisifia na anachokinyamazia. Wasiwasi wangu uko kwenye neno la mwisho la jina la somo hilo. Maadili yakitangulia ushahidi, mashujaa watakuwa hawana kasoro, na darasa litarudi kwenye kupokea, safari hii kwa Kiswahili fasaha.

Utaratibu wa ushahidi humlinda mwalimu pia. Mwalimu anayefundisha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 au kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 anajua kwamba darasani mna watoto ambao babu zao walisimama pande tofauti. Akitoa maoni yake, atanukuliwa nyumbani jioni hiyohiyo. Lakini ikiwa kanuni ya darasa ni kwamba kila dai, la mwalimu likiwemo, litajiwe chanzo, na anayepinga alete chanzo chake, mjadala unaacha kuwa wa nani yuko upande gani.

Wako watakaosema haya yote yangoje Baraza la Mitihani libadilishe maswali. Sikubaliani nao. Shule tayari hupeleka Baraza alama za tathmini endelevu, na ndani ya alama hizo mwalimu anaweza kuingiza kazi moja kwa mwaka: mwanafunzi amhoji mzee mmoja juu ya tukio moja, kwa ruhusa yake, aandike tarehe na mahali, atenganishe alichokiona mzee kwa macho na alichokisikia, kisha alinganishe na kitabu cha kiada. Katika kusahihisha, alama chache ziende kwa masimulizi yenyewe, na nyingi ziende pale mwanafunzi anapoeleza kwa nini kitabu na mzee hawakubaliani.